Krismasi hii hatukupanda Moshi, tulishuka Kilwa

Kila Desemba kwetu ni ileile. Tarehe 22 au 23 tunapakia gari Dar, foleni Kibaha, foleni Chalinze, Moshi unafika usiku miguu imevimba, na asubuhi yake kazi inaanza, mbuzi, mtori, mbege, wageni hawakatiki mpaka jioni. Mimi ndo mke wa kifungua mimba kwa hiyo siku nne nzima niko jikoni kwenye moshi wa kuni, na naondoka sijakaa hata nusu saa na mama mkwe tukaongea. Miaka 11 hivyohivyo.

Mwaka huu nikamwambia mume wangu nimechoka, naomba tutoke na watoto tu. Akampigia mama yake, mi nimeshika kichwa. Mama akanyamaza, kisha akauliza, "Na mimi mnaniacha?" Basi akapanda basi akashuka Dar, na mkungu wa ndizi mshare kwenye buti.

Mawifi walilalamika na nawaelewa kabisa, kule ndo kuna makaburi ya wazee na watoto lazima wapajue kwao, hilo sipingani nalo hata kidogo.

Tukashika njia ya kusini, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, tukavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa, Somanga tukala samaki, Nangurukuru tukakata kushoto mpaka mji wa Kilwa Masoko. Kesho yake boti kwenda Kilwa Kisiwani, mama kaushika mkono wangu kuanzia tunapanda mpaka tunashuka. Jamani Kilwa Kisiwani watu waende. Ule Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe, nguzo na kuba bado zimesimama, yule msafiri Ibn Battuta alifika mji huu mwaka 1331, na kule Husuni Kubwa, kasri la sultani juu kabisa ya bahari, kuna bwawa la kuogea la pembe nane, mwanangu alizihesabu pembe zote mara mbili. Mama alikaa kwenye ngazi za mawe muda mrefu anaangalia maji tu, ana miaka 70 na hajawahi kuona bahari kwa karibu namna ile.

Ila mimi kilichonikaa moyoni ni jioni ya Krismasi yenyewe. Tumetoka misa asubuhi, mchana tumelala, jioni tuko kibarazani gesti tunamenya zile ndizi za machalari, mikono tumepaka mafuta utomvu usinate. Mama akaanza kunihadithia alivyoolewa, mwaka wake wa kwanza, alivyokuwa anaamka saa kumi usiku sikukuu kuchota maji mferejini, mama mkwe wake anamsimamia. Sijawahi kuyasikia hayo. Halafu akasema taratibu, "Nilikuwa nakuona pale jikoni, nilikuwa najua unachoka. Na mimi nilikuwa nachoka hivyohivyo, ila sikuwa na wa kumwambia."

Nikashindwa kujibu. Akanisogezea ndizi nyingine.