Hasi saba, toa tatu

Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa saba, na jioni umeme ukiwepo tunakaa mezani na kaye yake, daftari la hesabu. Kujumlisha anajua, kutoa anajua. Kinachomwangusha ni ile alama ndogo mbele ya namba. Juzi aliandika −7 − 3 = 10. Nikamwuliza imetoka wapi.

"Mama mdogo, hasi na hasi si inakuwa chanya?"

Kanuni hiyo nimeisikia kwa watoto wengi hapa Kadutu, mjini Bukavu. Wameikariri vizuri, ila wanaitumia mahali si pake. Ni ya kuzidisha na kugawanya: −7 × (−3) ni 21, sawa. Lakini −7 − 3 ni habari nyingine kabisa, na mtoto aliyepewa sentensi ile tupu, kila akiona vistari viwili anavifuta.

Basi tukaiweka kanuni pembeni, tukaingia butiki. Una deni la faranga 7 000. Leo umekopa tena unga wa 3 000. Unadaiwa ngapi? Akajibu papo hapo: elfu kumi. Ndiyo hiyo, −7 − 3 = −10. Sasa turudi kwenye deni la 7 000, unga bado hujachukua, na mwenye butiki anakufutia 3 000. Umeondolewa deni, yaani −7 − (−3), unabaki unadaiwa 4 000. Jibu ni −4. Alinyamaza kidogo, akachukua biki, akaziandika zote mbili upya, moja chini ya nyingine, akazungushia mabano duara. Nilifurahi sana kuona hivyo, maana ni mabano yanayotenganisha tendo la kutoa na alama ya namba yenyewe.

Kufundisha kwa deni ni jambo la zamani. Brahmagupta wa India aliandika kanuni za namba hizi mwaka 628, akiita chanya mali na hasi deni: deni likitolewa kwenye sifuri, huwa mali. Ulaya, hata karne ya 18, walikuwepo wanahisabati waliozikataa namba hasi. Kwa hiyo anayemwita mtoto mjinga kwa sababu ya −7 anamwonea.

Jingine ni haraka. Kwenye 5 − 8 + 2 wengi wanaanza na 8 + 2, wanapata −5. Twende kutoka kushoto: 5 − 8 ni −3, ongeza 2, ni −1. Kila hatua mstari wake. Najua kaye ni pesa na watoto wanabana hesabu nzima kwenye mstari mmoja ili isiishe mapema, lakini hapo ndipo alama zinapopotea. Nyuma ya karatasi za zamani panatosha.

Kesho tunaingia −3² na (−3)². Ya kwanza ni −9, kwa kuwa kipeo kinashika 3 peke yake. Ya pili ni 9. Sijamwambia bado. Nataka ayatafute mabano mwenyewe kwanza.