Zamu ya nani?

Jana tulikuwa kwenye kivuko tunavuka kwenda Kigamboni. Watu wamebanana, bodaboda zimejipenyeza mpaka mlangoni, mama mmoja na ndoo yake ya samaki ananisukuma begani. Kitinda mimba wangu, miaka sita, akainua uso akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wauza karanga: "Mama, sasa hivi zamu ya nani?" Watu wakacheka. Mimi nikajikuta natafuta jibu kweli kweli.

Wiki ya tatu hii tangu turudi kutoka safari yetu ya boti, na kila tunayekutana naye anasema lile lile: mlikuwa wote wanne pamoja usiku na mchana, mmefaidi! Naitikia tu. Kusema kweli, katika zile siku nne za kuvuka bahari kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, mume wangu nilimwona kidogo kuliko ninavyomwona wiki ya kawaida hapa Dar, foleni na yote.

Boti yetu ni ya matanga, futi 36, ya faibaglasi, na imenizidi umri. Baba watoto aliinunua ikiwa imelala juu ya magogo, akaifufua kidogo kidogo kwa miaka mitatu. Mama yake ni Mngazija, na huko Moroni kuna bibi mzaa bibi ambaye wanangu walikuwa hawajawahi kumtia machoni. Mama mkwe alipopata habari za safari alisema neno moja tu: "Ndege si zipo?" Zipo, mama. Lakini mwanao unamjua.

Shida ilikuwa kalenda. Shule zinafungwa Juni na Desemba. Juni ni kusi, upepo unatoka huko huko unakokwenda, utapiga bishi, kwenda mshazari huku na huku, mpaka uchoke. Desemba kaskazi inakuja kwa ubavuni, tanga linashiba, chombo kinakimbia. Ila Desemba imo ndani ya msimu wa vimbunga, na hakuna mtu wa huku aliyesahau jinsi kimbunga Chido kilivyoibomoa Mayotte, kisiwa jirani na Ngazija, tarehe 14 Desemba 2024. Basi kila asubuhi tulikuwa tunasoma utabiri kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Tukaahirisha mara mbili. Ya tatu hali ikatulia, tukagongewa mihuri, tukang'oa nanga Msasani alfajiri.

Kutoka Dar hadi Moroni ni kama maili 375 za baharini, karibu kilomita 700. Kwa mwendo wa maili tano kwa saa, ni siku tatu na ushei. Tulihesabu nne, maana mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, na sisi tulikuwa tunateremka. Saa mbili usiku tukaiona taa ya Ras Mkumbi, ncha ya Mafia, upande wa kulia. Baada ya hapo, giza.

Siku ya kwanza sina la kusifia. Binti, wa miaka kumi na mmoja, alitapika, mdogo wake akatapika kwa kumwona, nami nikashika ukingo wa boti nikamwambia Mungu mambo ambayo sitayaandika hapa. Tangawizi ilisaidia kidogo. Ugali sikuthubutu, jiko linaning'inia na kubembea ili sufuria isimwagike, sasa nani asonge kitu kinachobembea? Tulikula mayai ya kuchemsha, ndizi na maandazi ya juzi. Maji ya tangi yalikuwa lita 200 na madumu manne ya akiba. Unaoga ya chumvi, unajisuuza kwa kopo moja la maji baridi. Binti ndiye aliyeshika hesabu ya makopo, na hakuna aliyepunjwa wala kupendelewa.

Usiku tuligawana zamu za saa tatu tatu. Sheria ilikuwa moja: ukiwa nje peke yako, mkanda kifuani na kamba yake imefungwa kwenye chombo, hata kama bahari imelala. Na kitanda kilicholalika kilikuwa kimoja, cha upande wa kulia, kwa sababu boti ilikuwa imelalia kulia safari nzima. Kile kingine kingekumwaga sakafuni. Kwa hiyo nikishuka nakikuta kina joto lake, naye akishuka anakikuta na langu. Mazungumzo yetu yalikuwa pale mlangoni.

"Upepo?"

"Haujageuka."

"Meli?"

"Moja. Imeshapita, ilikuwa inaelekea bandarini."

"Mdogo?"

"Katapika mara moja, kalala."

Basi. Huyo anashuka, huyu anapanda.

Usiku wa pili kitinda mimba alinifuata nje. Nikamfunga mkanda, nikamkumbatia. Maji yalikuwa yanawaka nyuma yetu kila usukani ulipoyakata. Akauliza chini yetu kuna nini. Nikamwambia maji, zaidi ya mita 3,000. Kisha nikamsimulia gombesa, samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka zama za madinosaria, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952, na wavuvi wa huko wakashangaa watu wanachoshangaa, maana wao walikuwa wanamvua siku zote na nyama yake hawaitaki. Kwetu alianza kunaswa miaka ya 2000, hasa Tanga. Nikamwambia hakai hapa kilindini, anakaa kwenye miamba karibu na visiwa. Mchana amelala pangoni, usiku ndiyo anatoka. Akafikiri. "Kwa hiyo ana zamu ya usiku kama wewe."

Siku ya tatu usukani wa kujiendesha ukafa. Kifaa kilikuwa cha mtumba, na nilikuwa nimesema, tukiwa bado nchi kavu, nilikuwa nimesema. Sasa ikawa lazima mtu ashike usukani kwa mkono kila dakika. Mchana binti alitusaidia, na aliweza kuliko nilivyotegemea. Usiku tukapunguza zamu ziwe za saa mbili mbili.

Ndipo tukagombana, na ugomvi wenyewe ukaenda kwa zamu. Saa nne namkabidhi usukani, nikanong'ona ili watoto wasiamke: "Nilikwambia ununue kipya." Akasema lala, tutaongea. Nikalala na hasira. Saa sita akanijibu. Alikuwa ameyapanga kwa saa mbili nzima, bei ya kipya, ada za shule, bati la jikoni. Sikuwa na jibu, naye alikuwa anasinzia wima. Nikapata saa mbili za kutafuta jibu langu. Saa nane nikamtolea, refu, lakini katikati nikasahau nilikuwa naelekea wapi. Saa kumi hakusema kitu. Alinipa kikombe cha chai, akashuka. Kwenye daftari la safari, chini ya mwelekeo na mwendo, alikuwa ameandika: "Upepo kaskazini-mashariki. Maili 4.5. Kosa ni langu. Biskuti ziko nyuma ya redio."

Saa kumi na moja na nusu, mbele kidogo kushoto, kulikuwa na wingu lisilosogea. Nikalitazama mpaka likawa mlima. Karthala, mita 2,361, volkano yenyewe, na kisiwa cha mama yake bado kiko chini ya upeo. Kwa miaka mitatu ya kusugua na kupaka rangi, kitu alichokisema kila mara ni hicho: siku moja atauona ule mlima ukitoka baharini.

Zamu yake ilikuwa saa kumi na mbili. Nilichungulia, alikuwa amelala na viatu, mdomo wazi. Sikumwamsha. Nikaandika: "Saa 11:30. Karthala. Nimekuacha ulale."

Aliamka mwenyewe, jua limeshachomoza, kisiwa kizima kiko wazi. Alisimama mlangoni muda mrefu ameshika ukingo. Hakunigeukia. Kisha akavuta daftari, akaandika chini ya mstari wangu: "Saa 1:00. Nimeuona."

Daftari liko hapa mezani. Nimeusoma ule mstari mara nyingi, na kumuuliza bado sijamuuliza.