Maumivu ya tako la kulia

Jumatano, baada ya Isha

Naandika nikiwa nimelala ubavu wa kushoto, maana tangu nifanyiwe upasuaji wa kizazi, kukaa bado ni kazi. Kule chini nilikokuogopa kuliko kote kumepoa mapema: nasikia uzito tu na nyuzi zikivuta, jioni zaidi kuliko asubuhi. Kinachoninyima usingizi ni tako la kulia. Maumivu yako ndani kabisa, kama mtu ameningandamizia kidole gumba na hataki kukitoa.

Nilimpigia daktari, akanieleza vizuri. Kizazi kilipokwisha kuondolewa kwa njia ya chini na kuta za uke kukazwa, aliishikiza sehemu ya juu ya uke kwa nyuzi kwenye kano iliyo ndani ya nyonga, ili isishuke tena. Mimi alinishona upande wa kulia, na jirani na kano hiyo inapita mishipa ya fahamu. Wengi wanaoshonwa pale huumwa tako, kisha hupungua baada ya wiki kadhaa. Ila yakiwa makali ya kuteremka mguuni, au mguu ukafa ganzi, nirudi hospitali bila kungoja. Vivyo hivyo nikipata homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya, au mkojo ukigoma kutoka. Tangu siku ile maumivu ni yale yale, lakini siyaogopi tena.

Dawa nakunywa kwa saa. Muuguzi wa wodini alisisitiza hilo: ukisubiri mpaka uanze kuugulia maumivu, umechelewa, kidonge kitahangaika kuyafukuza. Basi ni paracetamol mbili za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa usiku na mchana, na ibuprofen niliyoandikiwa naimeza baada ya kula. Tramadol ya siku za mwanzo ilinituliza kweli, lakini ilinifunga choo, na choo kigumu ni adui wa mshono kuliko kitu chochote, kwa sababu ya kusukuma. Sasa nakula papai, mchicha na uji wa dona, nakunywa maji mengi, na chooni naweka miguu juu ya kigoda.

Mama amekuja kuniuguza. Leo asubuhi alibandika sufuria la maji akitaka anikande, kama alivyonikanda uzazi wangu wa kwanza.

"Mama, huku nimeshonwa. Maji ya moto na mkandamizo havifai."

"Sisi tulikandwa wote, mwanangu, na tukapona."

Sikutaka kubishana naye. Amepanda basi na magoti yale mabovu kwa ajili yangu. Nikamwomba alichovye taulo kwenye maji ya vuguvugu, alikamue, aniwekee kwenye tako lile na kiunoni, mbali na kidonda. Akafanya hivyo huku akinisomea dua. Nililala mpaka Adhuhuri, usingizi ambao sijaupata tangu nitoke hospitali.

Swala naswali ubavuni. Mwanzoni roho iliniuma, nikajilazimisha kwenye kiti, nikawa najua kuumwa tu na sijui nimesoma nini. Mama ndiye aliyenikumbusha habari ya Imran bin Huswayn, sahaba aliyekuwa na bawasiri. Alipomuuliza Mtume (s.a.w.) aswali vipi, aliambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Naye alikuwa akiumwa huku huku tunakoona haya kukutaja, na aliuliza. Kwa hiyo wageni wakiniuliza nimepasuliwa nini, sisemi tena "tumbo". Nasema kizazi kilishuka.

Jumatatu nina kliniki. Nitauliza kuhusu kusujudu. Kuhusu ndoo jibu ninalo tayari: ile ya lita 20 ni kilo 20, siigusi mpaka wiki 6 ziishe na daktari aniruhusu. Watoto wamekwisha kuambiwa.