Mnandi na uyoga wa kichuguu
Jana jioni nimekaa zangu ufukweni karibu na Jiwe la Bismarck pale Mwanza, Ziwa Victoria, namcheki mnandi mmoja, yule ndege wa majini, katoka kuzamia, kasimama juu ya jiwe katanua mabawa kama kanga kwenye kamba, maana manyoya yake yanaloa na ndo yanamsaidia kuzama vizuri, ila akitoka lazima ajianike. Nikakumbuka uyoga wa kichuguu, bibi alikuwa anauanika kwenye ungo hivyohivyo! Sema mnandi anajitafutia samaki mwenyewe, uyoga unalishwa na mchwa, wanauletea majani makavu na vipande vya miti huko chini, mvua zikipiga we unaona kofia tu juu. Kwa utamu lakini, nipeni uyoga wa karanga, mnandi abaki na jiwe lake lililojaa mavi meupe.