Upande A

Mpwa wangu yuko kwangu tangu Ijumaa, shule zimefungwa. Ana miaka 14 na Kiingereza chake ni cha shule ya kulipia, kile cha kuongea huku anatafuna. Leo mchana kanikuta nimekaa sakafuni, boksi la kaseti limefunguka mbele yangu, akaniuliza: "Mjomba, hizi zinachajiwa wapi?"

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamtolea ile ambayo karatasi yake imeandikwa kwa peni nyekundu WU TANG, basi, hakuna orodha ya nyimbo wala nini. Niliirekodisha Kariakoo nikiwa kidato cha pili. Unapeleka kaseti tupu dukani, unalipa, unaambiwa njoo kesho. Albamu yenyewe, Enter the Wu-Tang (36 Chambers) ya kundi la rap la Wu-Tang Clan kutoka Staten Island, New York, ilitoka Novemba 1993, ila enzi zile muziki wa Marekani ulikuwa unatufikia kwa miguu. Mimi niliipata 1996. Kaseti ilikuwa ya dakika 60. Upande A ulikatika Ol' Dirty Bastard (ODB), mmoja wa marapa wao, akiwa katikati ya mstari, jamaa wa duka akaona fresh tu, upande B akauanzishia wimbo unaofuata. Miaka mitatu nzima sikujua mstari ule unaishia wapi.

Kijiweni tulikuwa na kauntabuku moja ya mashairi. Mmoja anakaa na redio, kidole kwenye kitufe, mwingine anaandika anachosikia. Kiingereza cha Staten Island nani alikijua? Tuliandika kwa herufi za Kiswahili, pale tusiposikia tukabuni, na tukachana hivyo hivyo mbele ya watu kwa kujiamini kabisa. Method Man alijaza kurasa mbili. Raekwon alitutoa jasho. Tukifika kwa ODB, mwandishi anaweka kalamu chini. Ukurasa wake naukumbuka ulivyokuwa: "(analia)", "(anaimba kama mlevi)", "(anacheka)", halafu mistari mitupu mpaka chini.

Na huyo ndiye tuliyempenda kuliko wote. Walikuwa tisa kwenye albamu ile, wanane kati yao walihitaji kamusi. ODB alikuwa anaimba nje ya ufunguo, anavuta neno mpaka linapasuka, anaingia kwenye biti pale ambapo mtu mwenye akili zake asingeingia. Wenzake walieleza jina lake kwamba mtindo wake hauna baba. Sisi tulimwelewa bila kumwelewa, kama unavyojua ugomvi wa majirani ni wa nini bila kushika hata neno moja kupitia ukutani.

Alifariki Novemba 13, 2004, ndani ya studio ya RZA, kiongozi wa kundi na mtengeneza biti wao, pale Manhattan, dawa za kulevya zikiwa zimechanganyika na dawa ya maumivu. RZA ni binamu yake, na GZA, mwenzao kundini, pia. Hao watatu walikuwa pamoja kabla ya kundi kuwa kundi. Zilibaki siku mbili atimize miaka 36, na mtu aliyeishi na albamu yao ya kwanza anaijua namba hiyo. Ukweli ni kwamba sauti yake ilishaanza kutukimbia mapema. Albamu ya kundi ya 2001 haina mstari wake hata mmoja, alikuwa kifungoni. Lakini aliye kifungoni unamtegemea atoke.

Halafu ikaja Desemba 2007, na albamu mpya ya Wu-Tang, 8 Diagrams. Niliichomesha kwenye CD pale Mwenge, intaneti kafe moja yenye feni ya makelele, nikaenda kuisikiliza nikiwa na njaa ya miaka. Nikakuta magitaa. Nikakuta wimbo uliojengwa juu ya ule wa George Harrison wa enzi za Beatles, mwanawe Dhani anapiga gitaa, John Frusciante anapiga gitaa, Erykah Badu anaimba. Biti zimepoa, zina ukungu, zinatembea kama watu wanaotoka makaburini ambao hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuongea. RZA alikuwa ameshakaa miaka kwenye muziki wa sinema, na ilisikika. Kumbe hata ndani hawakuelewana: Raekwon alijitokeza hadharani kulalamika, akamwita RZA hipi wa hip hop mwenye gitaa, na Ghostface, mwenzao mwingine, naye hakuficha kinyongo.

Nilikuwa upande wa Raekwon. Niliitupa ile CD kwenye droo, nikawaambia washkaji kwamba Wu-Tang imekwisha, RZA kaua kundi. Nilisema hivyo miaka mingi, kwenye vijiwe, kwenye misiba, hata kwenye kikao kimoja cha harusi ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na hip hop.

Kilichonipunguza kasi ni jina la albamu. Limetoka kwenye filamu ya Shaw Brothers ya 1984, zile za Hong Kong tulizozitazama kwenye vibanda vya video, mkalimani anatuwekea maneno yake mwenyewe na kuwapa mabwana wa Shaolin majina ya wachezaji wa Simba na Yanga. Ni habari ya ndugu saba wanaoingizwa mtegoni vitani. Wawili tu wananusurika. Mmoja anakimbilia kwa watawa. Mwingine anarudi nyumbani akili imeruka, anapigana na hewa sebuleni kwao. Huyo mwenye wazimu aliigizwa na Alexander Fu Sheng, ambaye alifariki kwa ajali ya gari Julai 1983, akiwa na miaka 28, filamu ikiwa haijakamilika. Ikabidi hadithi ipindishwe. Ukiitazama leo utaona: yule ndugu mwendawazimu, mtu unayemsubiri kuliko wote, anatoweka, na filamu inaendelea na Gordon Liu na mafimbo yake. Sijui kama RZA alilichagua jina kwa sababu hiyo. Mimi nilipolijua hilo, nilikwenda kuitafuta ile CD.

Arusha nako yalitokea. X Plastaz, kundi la hip hop la huko, walitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004 kupitia lebo ya Munich, Ujerumani, Merege akiimba Kimaasai juu ya biti, Faza Nelly na wenzake wakichana Kiswahili. Mwaka 2006 Nelly akauawa. Nilikuwa nikiwaza juu ya Mjerumani aliyenunua diski ile, asiyejua Kimaasai wala Kiswahili, amekaa kwake na sauti tu kama sisi na kauntabuku yetu. Huyo naye aliandika nini kwenye mabano?

Basi, leo jioni. Nikamchezea mpwa wangu albamu zote mbili, nikijua nitamshinda. Ya 1993 aliivumilia nyimbo tatu. "Kelele sana, mjomba." Ya 2007 akanyamaza, akasogea karibu na spika. Ulipofika ule wimbo wa kumuaga ODB, ambapo wanaingia mmoja mmoja kumzungumzia, kila mtu na mstari wake wa msiba, yule mtoto akaanza kunitafsiria bila kuombwa, sentensi kwa sentensi, anachelewa kidogo nyuma yao kama mkalimani wa kibanda. Huyu anasema hivi. Huyu anajilaumu. Huyu anamkumbuka wakiwa wadogo.

Nusu ya hayo nilikuwa sijawahi kuyashika. Nilishaihukumu albamu hii kwa sikio lilelile la kidato cha pili, nikisubiri sauti moja, ilipokosekana nikasema hakuna kitu. Nilimwambia arudie. Akarudia. Sikumwambia kwa nini, nikajidai natafuta chaja.

"Sasa huyu aliyekufa ndiye yupi kwenye ile ya kelele?" akauliza.

Redio kaseti bado inafanya kazi, mkanda wake nilimpa fundi mwaka juzi. Nikaweka upande A, nikasogeza mbele mpaka karibu na mwisho. ODB akaingia, amechelewa, anavuta maneno. Dogo akainamisha kichwa kusikiliza, uso umekunjamana.

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Subiri kwanza," akasema, na hapo kaseti ikakatika, kitufe kikaruka juu, tak. Akanigeukia.

"Mbona imekata?"

"Ilikuwa ya dakika 60," nikamwambia.