Skurubu ya Pili

Mwezi wa Juni mwaka 1998 nilikuwa likizoni kwa baba mdogo huko Mafinga, ambako alikuwa na karakana ndogo ya kunoa na kuchomelea vyuma. Wapasuaji mbao wa msitu wa Sao Hill walimletea mashoka, tindo na visu vya randa, na kazi yote hiyo aliifanya kwa jiwe la kuzungusha kwa mkono, mpaka alipouziwa mashine kuukuu ya kunolea iliyokuwa imelala stoo katika kambi moja ya mbao iliyofungwa. Ilikuwa mashine ya kusimama, iliyotengenezwa Uingereza, yenye shafti moja iliyobeba jiwe kila upande na puli katikati, huku mota ikikaa chini na kuizungusha kwa mkanda. Paa la stoo ile lilikuwa limevuja wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, na shafti ilikuwa imeshikwa na kutu kiasi kwamba hata mtu akilikumbatia jiwe kwa mikono miwili na kulisukuma, halikutikisika.

Nilipewa kazi ya kufungua nati za mawe. Ya kulia iliachia baada ya kulala usiku mzima imelowa dizeli. Ya kushoto niliivuta kama nilivyovuta ile ya kwanza, nikaongeza bomba kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, spana ikateleza na vifundo vya vidole vyangu vikachubuka kwenye ukingo wa kinga ya jiwe. Baba mdogo akaniwekea mkono begani.

"Unaikaza, mwanangu. Huko hesi zake ni za kushoto."

Alinieleza kwa utaratibu kwamba ukisimama mbele ya mashine kama hiyo, mawe huzunguka yakija upande wako kwa juu, na mzunguko huo ungeilegeza nati ya kushoto kama ingekuwa na hesi, yaani mifuo ya mzunguko inayoishika nati, za kawaida, hivyo watengenezaji hukata hesi za upande huo kwa kinyume ili jiwe lijikaze lenyewe likiwa kazini. Nilisikitika sana, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuziharibu kona mbili za nati ile. Isitoshe, spana zetu zilikuwa za milimita, na mashine ilikuwa ya vipimo vya zamani vya Kiingereza vinavyoitwa Whitworth, kwa hiyo hakuna spana iliyokaa sawasawa. Aliichukua spana moja iliyobana, akaipanua mdomo kwa tupa taratibu hadi ikaikumbatia nati bila mwanya, kisha nati ikafunguka kwa kuivutia upande ambao mkono wangu uliukataa.

Kazi ngumu ilibaki kwenye puli. Ili shafti itoke ubavuni, ilipaswa kupita ndani ya puli, na puli ilikuwa imenasa. Tulikwisha kutoa skurubu yake, ile fupi isiyo na kichwa inayozama kwenye shingo ya puli na kuibana shafti. Siku tatu tulitia mafuta ya taa asubuhi na jioni. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya milingoti, mama mdogo alituchemshia sufuria la maji na tukaimwagia puli ili itanuke kabla shafti haijapata joto. Haikusogea. Jirani mmoja, aliyekuja kunolewa shoka, alishauri tuigonge shafti kwa nyundo kubwa, nami, kusema kweli, nilitamani iwe hivyo. Baba mdogo alikataa. Mwili wa mashine ulikuwa wa chuma cha kusubu, ambacho hakipindi bali hupasuka, na puli iliyonasa ingesukumwa na shafti hadi ukutani mwa mwili ule na kuuvunja.

Siku ya nne alichukua waya mwembamba akautumbukiza kwenye tundu la skurubu, akaushika kwa ukucha mahali ulipoishia, akautoa na kuulinganisha na unene wa shingo ya puli. Waya ulikuwa mfupi. Akanipa tochi. Chini kabisa ya tundu, chini ya tope la grisi nyeusi, niliona mstari mwembamba uliokatwa katikati: mfuo wa bisibisi. Kulikuwa na skurubu nyingine, ya pili, iliyofungwa chini ya ile ya kwanza; ile ya juu iliwekwa ili kuizuia hii ya chini isilegee.

Tulichonga ncha ya bisibisi kuukuu iingie kwenye mfuo bila kuchezacheza, tukaigonga kidogo kwa nyundo nyepesi, na baba mdogo akaizungusha kwa pumzi moja ndefu. Ilitoka ikiwa na ukubwa wa punje ya hindi. Saa hiyohiyo puli ilisogea unene wa ukucha, na shafti tukaisukuma nje kwa gogo la mti mgumu, nati ikiwa imerudishwa kwenye ncha ili hesi zisiumie.

Beringi zilikuwa zimeliwa na kutu, na zile za kawaida za milimita 25 hazikufaa, kwa kuwa shafti ilikuwa ya inchi moja, yaani milimita 25.4. Za inchi zilipatikana Mbeya baada ya wiki mbili.

Tulipoifunga tena, baba mdogo alirudisha skurubu zote mbili. Kisha akachukua tindo na, kando ya tundu, kwenye chuma safi cha shingo ya puli, akachonga namba 2, akaipaka mafuta ili isishike kutu.