Vidonge vinne kwenye pindo la leso

Leo tumemhamisha mama kutoka Arua hadi hospitali moja hapa Kampala.

Kabla hajapewa kitanda, nesi akampitisha kijiti chenye pamba puani. Wanatafuta bakteria sugu, wale wasiosikia dawa. Mtu huwabeba bila kuumwa, kisha wakamfikia jirani mwenye kidonda. Majibu siku mbili tatu, maana lazima waoteshwe maabara.

Nesi akauliza, "Mama, huwa unameza antibayotiki bila kuandikiwa?"

Mama akafungua pindo la leso, polepole. Vidonge vinne vya amoksilini, vya rangi mbili, masalio ya mwaka jana.

"Nilikuwekea wewe, mwanangu. Ukishikwa na homa."

Nilikosa la kusema. Mpaka sasa nimevishika mkononi.

Jamani, wazee wenu nao huweka? Mliwaambiaje?